Pale pa Weupe

Kashuga, 7 Februari 1965

Mutoto wangu Polycarpe,

Nakusalimu sana. Sisi tuko wazima, kifua cha mama yako tu njo kinamusumbua na baridi hii. Na wewe huko Walikale, afya iko namna gani? Unakula vizuri?

Nakuletea habari ya kutia katika gazeti lako. Jirani yetu Hakorimana alikataa kuwapa polisi wa shefu wa eneo letu maharagi yake ya mbegu. Walimupiga, wakamufunga kasho, katika gereza lao, akafia mule. Biro ya serikali inasema ni homa. Muke wake, Libérata, ndiye aliyeosha maiti. Aliona mbavu zilivyovunjika. Uandike. Unajua kwamba baada ya misa ninawasomea watu gazeti, na kile ninachosoma njo wanachoamini.

Papa yako, Théophile

Walikale, 28 Februari 1965

Jambo Papa,

Mungu awalinde. Mama anywe maji ya moto. Mimi ni muzima, ila usingizi ni kidogo.

Niliandika yote. Lakini gazeti halitoki hapa bila muhuri wa biro, na mukubwa wa biro aliifuta habari hiyo. Akaniambia nijaze pale bei ya mafuta ya ngazi, yale ya mawese. Nilikataa. Nimepaacha peupe, kila muntu aone kwamba kitu kimeondolewa. Ukifika pale, Papa, nyamaza. Usiongeze neno.

Mutoto wako, Polycarpe

Kashuga, 15 Machi 1965

Mutoto wangu,

Salamu nyingi, mama yako amepata nafuu. Gazeti lilifika. Watu wakauliza, "Mwalimu, hapa kati mbona kuko weupe?" Sebarenzi, unajua utani wake, akadakia, "Leo gazeti imefuliwa na sabuni!" Wakacheka.

Muntu aliyefundisha hawezi kuacha swali bila jibu. Niliwaeleza maana ya kufuta habari, halafu nikawaeleza ni habari gani iliyofutwa. Libérata alilia, wamama wakamushika mikono. Usikasirike. Ni maelezo tu, sikuandika kitu.

Papa yako

Walikale, 20 Juni 1965

Papa,

Barua hii inakuja kwa mukono wa dada Emérence anayekuja huko kwenu, si kwa posta. Barua zako watu wa biro walizisoma kabla yangu. Nilikuwa kasho.

Maelezo yako yalifika biro. Waliniambia, "Gazeti yako inasema hata pale haikuandikwa!" Walitaka kuja kukukamata wewe. Njo nikatia saini maneno yao. Katika ukurasa wa kwanza wa gazeti linalokuja utaona kwamba Hakorimana alikufa na homa, na chini kuna jina langu. Hakuna weupe popote.

Usilisome, Papa. Uwaambie mashini ya gazeti imeharibika.

Mutoto wako

Kashuga, 4 Julai 1965

Mutoto wangu Polycarpe,

Mama yako anakusalimu. Anauliza kama miguu yako ingali imevimba; dada Emérence alituambia, naye njo anakurudishia barua hii.

Niliwaambia mashini imeharibika, kama ulivyotaka. Lakini polisi wa shefu walikuwa wamekwisha kugawa gazeti bure pale mulangoni pa kanisa. Libérata akaniwekea moja mukononi. "Mwalimu, siku ile ulisoma weupe. Leo kuko maandishi. Soma basi."

Nikasoma.

"Rudilia pale pa homa."

Nikarudilia. Sebarenzi alivaa kofia yake, akaenda. Wengine wakamufuata.

"Njo nani ameandika?" Libérata akauliza.

Nilikuwa na mengi ya kumueleza, ya kasho, ya saini, ya ulimi wangu mimi. Polisi walikuwa wamesimama palepale, wanasikiliza.

Nikamusomea jina lako.

Papa yako, Théophile