Wimbo wa Sinia Tupu

Jumamosi, Kiembeni. Mawingu yamejikusanya tangu adhuhuri na mvua haijanyesha. Joto limekaa juu ya paa, na mimi nimekaa chini yake nimenuna.

Leo nimeona wivu.

Si ule wa ujana, wa leso na waume. Ni wivu wa mwanamke mzima, mwalimu mstaafu mwenye wajukuu, aliyekaa kiti cha mbele maktabani akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Maktaba ya mtaa wetu ina chumba kidogo cha kumbukumbu za wanawake: picha, leso za zamani, sauti zilizorekodiwa. Sisi tunaoisaidia hukutana kila mwezi ukumbini mwa maktaba, na mmoja wetu huzungumza. Anayoyasema hurekodiwa na kuhifadhiwa, ili msichana atakayezaliwa baadaye ajue bibi zake walikuwa watu wa namna gani. Nimeipigania kazi hii kwa miaka, tena bila kuchoka. Labda ndiyo sababu leo imeniuma hivi.

Zamu ilikuwa ya Mwanahawa, niliyekua naye Kisauni, nyumba kwa nyumba. Alizungumzia chama cha lelemama cha marehemu mamake. Kwa wasiojua, lelemama ni ngoma ya wanawake. Walisimama safu, sare moja, wakacheza kwa madaha, na vyama vilikuwa vikishindana. Chama kikiimba kukichokoza kingine, kilichochokozwa sharti kijibu kwa wimbo, hadharani. Kunyamaza ndiko kushindwa.

Mamake Mwanahawa aliongoza nyimbo za chama kimoja. Mamangu aliongoza za chama cha pili.

Mwanahawa anajua kusema, hilo siwezi kumnyima. Akafika mahali akaninyooshea kidole.

"Chama cha kina Zuhura, huyo hapo, walikuwa hodari wa sare. Ama nyimbo... mh! Tuwastahi, wenyewe wapo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa adabu. Moyoni nikawa nahesabu waliokuja kumsikiliza yeye na hawakuja siku yangu. Nikaionea wivu sauti yake, ambayo haijakwaruza. Nikamwonea wivu hata mamake, aliyelala kaburini huku mji mzima ukimpigia makofi.

Mamangu je? Chumbani mle hana picha wala sauti. Kilichowekwa leo juu yake ni ule mzaha tu.

Chai ilipoanza kumiminwa sikuketi. Nilimwendea Kadzo, binti wa Kirabai anayesimamia chumba hicho, nikamwambia arekodi wimbo wa mamangu hapo hapo. Akaniingiza chumbani, akafunga mlango, akawasha kinasa sauti. Nikaimba: "Sinia letu li tupu, lenu lafukuza nzi." Nikaurudia mara tatu, kama mama alivyokuwa akiurudia.

Kadzo akasikiliza mpaka mwisho.

"Wimbo mtamu, Mwalimu. Lakini hili sinia ni la nani? Wanajibu nini?"

Nikamwashiria azime kinasa sauti.

Sikujua. Nyumbani kwetu wimbo wa wapinzani ulikuwa marufuku; mtoto aliyeutamka alikula kofi kabla hajaumaliza. Wao nao, bila shaka, waliupiga marufuku wa kwetu. Kwa hiyo mimi nimerithi majibu matupu, na maswali yako kwa Mwanahawa. Kadzo akasema atauhifadhi, ila bila kisa chake atakayeusikia hatajua mama alikuwa akishindania nini. Alisema kwa upole. Ningependa angesema kwa ukali.

Nimerudi nyumbani nikazunguka na simu mkononi kama mwari aliyefungiwa ndani. Baada ya magharibi nikampigia Mwanahawa.

"Shoga, niimbie ule mliotutukana nao. Ule mama aliojibu kwa wimbo wa sinia."

Akaangua kicheko.

"Wallahi, Zuhura! Si ule mama'ko alikuwa akitutoa mbio na mwiko tukiuimba? Leo wautaka mwenyewe?"

"Nautaka. Imba."

Akaimba, tena kwa raha zote: "Wageni walia njaa, arusi gani yaishiwa wali?"

Kumbe, akanieleza, ilikuwa arusi ya khalati yangu, nduguye mama. Mama ndiye aliyesimamia mapishi, na chakula kikaisha kabla wageni wote hawajala. Fedheha ya kumfungia mtu ndani mwaka mzima. Mama akaichukua fedheha ile ile akaigeuza: sinia letu tupu kwa kuwa chakula kilipendwa, lenu limebaki limejaa, kazi yake kufukuza nzi.

Nimekaa jikoni, simu sikioni, nikacheka, kisha nikalia kidogo.

"Mama'ko alitukomesha siku ile," Mwanahawa akasema. "Mamangu alirudi nyumbani hasemi na mtu. Lakini mimi mbele za watu sikwambii hayo."

"Utayasema. Mwezi ujao, mimi na wewe, mbele ya kinasa sauti."

"Inshallah. Lakini naanza mimi."

Ataanza yeye, ndiyo kanuni, mchokozi hutangulia. Watu watamshangilia kabla sijafungua kinywa, na wivu utanipanda tena, najijua. Kisha atanyamaza, na ukumbi wote utanigeukia mimi.

Mama, sauti hii yangu ya chaki na kikohozi itakutosha?