Mimea ya Kivulini kwa Zahara

Jumatano, 3 Aprili 1968. Moroni

Ofisi ya hapa, nilikotumwa wiki hii kutoka Mutsamudu, hadi saa tisa. Barua kumi na moja, zote za Kifaransa, zote ndefu bila sababu. Kisha Ntsoudjini kwa mama. Nimechukua miche uani kwake: begonia za majani mekundu upande wa chini, pachuli, vitawi viwili vya vanila. Kila mche nimeufunga kitambaa kibichi. Mama alitaka kunipa na asumini. Nimekataa. Asumini inataka jua, na ua wetu Mutsamudu unapata jua saa moja tu adhuhuri, kisha ukuta unalifunika. Nataka mimea ya kudumu inayopenda kivuli, si ya kupanda upya kila mwaka. Watu wengi hawajui kuchagua. Mimi najua.

Ijumaa, 5 Aprili. Moroni

Kesho narudi Mutsamudu, kisiwani kwa mke wangu. Orodha nimeiandika mara ya tatu. Mirefu nyuma, mifupi mbele, vanila ukutani.

Mama mkwe wangu, Bi Echati, anataka ua wote usakafiwe kwa saruji kabla ya arusi ya shemeji yangu mwezi wa saba, wageni wa kike wasikanyage tope. Nilimwomba aniachie sehemu ya bustani. Jibu lake: fundi Humadi ana kazi Ouani mpaka mwisho wa Mei, akija tutaona atakachokuta. Mimi nimelihesabu hilo kuwa makubaliano. Akikuta bustani imeshika, inabaki. Akikuta udongo mtupu, saruji. Sina wasiwasi.

Jumamosi, 6 Aprili. Mutsamudu

Ndege imetikisika njia nzima. Abiria wenzangu walisoma dua, mimi nilikumbatia kikapu. Mke wangu, Zahara, alikitazama hicho kikapu, akauliza nimeleta nini kingine. Kanga mbili. Kanga zimempendeza.

Jioni nimepanda vyote. Bi Echati alisimama mlangoni akinitazama kama mtu anayeona wenzake wanapika bila chumvi. Kisha akarudi ndani. Vizuri.

Jumatatu, 15 Aprili

Raha ya mji huu ni maji. Sisi wa Ngazidja, kisiwa cha Moroni, tunayajua maji kwa kata. Mvua ikinyesha tunakinga, na tusichokikinga kinamezwa na jiwe jeusi la mlima wa moto. Hapa mto uko hatua chache, na hakuna anayekuuliza umechota ndoo ngapi. Ndoo nne asubuhi, nne jioni. Mama angeniona angeshika kichwa.

Pachuli imetoa majani mapya mawili. Nimemwita Bi Echati aje ayaone. Ofisini nimewaeleza makarani wenzangu namna ya kuchagua mimea ya kivulini, hata wale ambao hawakuuliza.

Ijumaa, 26 Aprili

Begonia zimelegea. Kiu. Nimeongeza ndoo.

Jumapili, 5 Mei

Zimekufa. Begonia zote saba. Nimezivuta zikatoka zenyewe, mizizi myeusi, inanuka. Kitawi kimoja cha vanila kimeoza shina. Nikachimba kwa mkono, na kiganja kimoja tu chini nikakuta maji yamesimama.

Udongo wa hapa ni wa mfinyanzi. Kwetu ukimwaga ndoo ardhi inaimeza, ukageuka hakuna kitu. Hapa ndoo zangu zote za mwezi mzima ziko palepale nilipozimwaga. Mngazidja amekuta maji ya bure, akaizamisha bustani yake mwenyewe. Hilo kosa asingelifanya mtoto yeyote wa Mutsamudu.

Bi Echati alicheka mpaka akakaa chini. "Mkwe wangu, kumbe ulikuwa unapanda mpunga?" Nimekasirika. Nimekasirika zaidi kwa kuwa alikuwa na haki ya kucheka.

Jumanne, 14 Mei

Nimeanza upya, na safari hii sibahatishi. Nimechimba mfereji mdogo mpaka kwenye tundu la kutolea maji ukutani, nikatandika kokoto. Tuta nimeliinua shibiri mbili. Nimeacha kubeba mimea ya kwetu kuja nayo huku. Nimechukua inayoishi hapahapa kivulini. Iliki, kutoka kwa karani mwenzangu ambaye watu wake wanalima milimani. Kangaga za kando ya mto. Manjano. Pachuli na vanila iliyosalia nimezihamishia juu ya tuta pamoja nayo.

Siku nne sijamwagilia hata kata moja. Mikono inaniwasha.

Ijumaa, 24 Mei

Iliki imetoa machipukizi matatu. Nilisema.

Jumatano, 29 Mei

Fundi Humadi amekuja na kamba yake ya kupimia. Kangaga zimekunjuka, vanila imeushika ukuta. Nilimtembeza Bi Echati mche kwa mche, nikataja majina, nikaeleza urefu wa kila mmoja baada ya miaka mitatu. Nilisema vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mimi unaniuliza kwa nini? Nyumba hii nilimpa Zahara siku ya arusi yenu."

Kisiwa hiki na chetu, nyumba ni ya mke. Hilo nalijua tangu nilipopata akili. Karibu miezi miwili nimemnyenyekea mkubwa wa nyumba, nikampita mwenye nyumba kila siku nikiwa na ndoo mkononi. Nikamgeukia Zahara. Alikuwa barazani, anachagua mchele.

"Hukuniuliza," akasema. Sauti ya kawaida kabisa. Akamwambia fundi arudi kesho.

Nimeona haya. Ni haya ya kweli, sijaonapo hivi tangu nioe.

Alhamisi, 30 Mei

Asubuhi, kabla fundi hajafika, nimemwomba Zahara tuzunguke ua pamoja. Alivua viatu. Tukaenda polepole. Akaamua upande wa jikoni uwe wa saruji, wageni wakae hapo, na upande wa ukuta ubaki udongo. Manjano yaondoke, yako chini ya kamba ya nguo. Pachuli ibaki, harufu yake anaipenda. Sikujua kwamba anaipenda.

Kuhusu manjano nilikuwa na hoja tatu nzuri. Nimezimeza.

Nikamuuliza iliki anaitaka wapi. Akaenda mpaka chini ya dirisha la chumba chetu, akapachora kwa kidole cha mguu. Nimechimba hapo.