Mistari Mitatu ya Mahindi

Jumatatu, 6 Februari 2017

Mahindi yapo. Mistari mitatu kando ya kisima, kama kila siku. Basi Salumu yuko hai huko Nyunzu. Mama huuliza kabla hata ya kugusa chai: "Mahindi iko?" Nikijibu "Iko," ndipo anachukua ndoo kwenda kuteka maji.

Mchezo wa watoto tu, shamba la kwenye simu. Ila mimi na kaka yangu Salumu tuna akaunti moja, tangu alipopelekwa kule kuwa muuguzi. Namba yake haipatikani tena. Shamba linapatikana, hata mtandao ukiwa dhaifu. Yeye anapanda jioni, mimi navuna asubuhi. Vita vilipofika kule tuliacha kucheza. Sasa ni salamu.

Jumatano, 8 Februari

Jana hakuna mahindi. Leo hakuna. Nimemwambia Mama mtandao umekatika. Kazini, kwenye biro ya fotokopi, nimetoa nakala arobaini kichwa chini, mkubwa wangu akanigombeza mbele ya wateja. Treni ya kutoka Nyunzu haijaonekana.

Alhamisi, 9 Februari

Ng'ombe wote wameuzwa. Hata Bi Shingo, ambaye Salumu alimpa jina mwenyewe. Saa sita mchana akaunti ikanitupa nje: neno la siri si sahihi.

Mwizi. Watu wanakimbia na magodoro kichwani, na kuna mtu ana nafasi ya kuiba ng'ombe wa simu. Nimewaandikia huduma kwa wateja. Jibu limekuja papo hapo, Kifaransa safi, eti wanaelewa usumbufu wangu. Hawaelewi kitu.

Jumapili, 12 Februari

Siku tatu huduma kwa wateja wananiuliza maswali. Akaunti ilifunguliwa kwa simu gani? Ya Salumu, kisha nikaingia na yangu. Mnyama wa kwanza aliitwa nani? Mbuzi, Kilo Mbili. Leo wameuliza kama kifaa cha mwizi kifungiwe daima. Nimeweka alama ya ndiyo bila hata kumeza mate.

Halafu nimefungua akaunti nyingine nikaingia shambani kwetu kama mgeni. Langoni kuna ubao wa wageni kuachia salamu. Nimeandika: Mwizi, Mungu anakuona. Nikaongeza mengine ambayo siyarudii hapa. Mama hajui kusoma, lakini Mungu anasoma.

Jioni nimekwenda kwa waliokimbia Nyunzu. Wamefika kwa miguu, wanalala chini ya maturubai. Nimeuliza turubai kwa turubai. Hakuna aliyemwona muuguzi. Mama mmoja amesema nyumba ya wagonjwa iliungua. Sijamwambia Mama. Naogopa.

Jumanne, 14 Februari

Asubuhi wamenirudishia akaunti. Hongera, wameandika. Wakaeleza kwamba neno la siri lilibadilishwa kwenye kifaa kilichozoeleka, kile kile kilichofungua akaunti miaka miwili iliyopita.

Nimesoma mara tatu. Simu ya Salumu.

Nikakimbilia ubaoni. Chini ya matusi yangu kulikuwa na jibu la jana jioni:

"Miye si mwizi. Mwenye telefone tulimuokota mu njia, mguu umevunjika. Iko muzima. Weye njo nani yake?"

Mtu ameokota kaka yangu njiani, yuko hai, na ananiuliza mimi ni nani wake. Akashika simu yake, labda akauza ng'ombe na kubadilisha neno la siri kupitisha siku, au kuona kama anayecheza na Salumu shamba hili atashtuka na kuandika. Nami nikamtukana mama yake. Jibu lake lilinisubiri usiku kucha. Asubuhi kifaa kikafungwa daima, kwa ombi langu.

Ijumaa, 17 Februari

Nimewaandikia mara tisa. Si mwizi. Mfungulieni. Huyo ndiye anayejua kaka yangu yuko wapi. Wanajibu kwamba kwa usalama wangu kifaa kilichoripotiwa hakirudishwi. Barua ya tisa haikujibiwa. Badala yake wameniomba niwape nyota, moja hadi tano, nieleze kama nimeridhika.

Hasira hasara. Nimeusikia msemo huu tangu utotoni, nikadhani ni wa kuwatulizia watoto wanaogombana. Najichukia.

Nimefuta matusi yote ubaoni. Nimeandika jina langu, namba yangu, na: Mimi ni dada yake.

Jumamosi, 18 Februari

Hakuna.

Jumatano, 1 Machi

Simu haijalia. Kila mtu anayeingia kutoka njia ya Nyunzu namuuliza, wengine sasa wananikwepa.

Leo alfajiri nimepanda mahindi mwenyewe. Mistari mitatu. Kando ya kisima sikuthubutu kugusa, pale ni pake, nikapanda karibu na lango. Mama akaamka, akauliza kama kawaida. Nikamwonyesha. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Salumu anapandaka kwa kisima," akasema. "Hii njo yako."

Nikamwambia yote. Moto, mguu, ubao, ile alama niliyoweka. Nilingoja anipige. Hakunipiga.

"Ule muntu alisema iko muzima?"

"Ndiyo, Mama. Alisema vile."

Akanirudishia simu.

"Basi acha iote."

Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.