Jiwe la Kumi na Mbili Sikulirukia

Mpendwa mshauri wa safu hii, shemeji yangu, mume wa dada yangu, husema, “Kazi ya kujitolea haina lawama,” na neno hilo limeninyima raha wiki tatu sasa, naomba unisaidie. Mimi ni mshonaji, na kila Jumamosi tunapanda mlimani watu tisa kutengeneza njia ya miguu, pale kwenye mteremko mkali ambapo mvua hubeba udongo wote, tunachimba mifereji ya kuchepusha maji na kupanga ngazi za mawe, na anayetufundisha ni mwashi mstaafu tunayemwita Babu Nyundo, sheria yake ni moja, ukishalaza jiwe unapanda juu yake unaruka mara tatu, likicheza unaling’oa, unachimba upya. Siku hiyo wingu lilitanda, shemeji, ambaye ni mwenyekiti wetu, akawa anapiga kelele kutoka chini, “Jamani, mnajenga ikulu huko?” nami nilibakiza jiwe moja tu, la kumi na mbili, nikalipachika, nikalikaza kwa kokoto, kwa macho likapendeza, sikuruka hata mara moja. Siku ya nane mwalimu mmoja alilikanyaga akishuka, likapinduka, akavunjika kifundo cha mguu.

Kwenye kikao shemeji akasema kosa ni la Babu anayekagua kazi yetu, macho yake yamefifia, asipande tena. Mzee hakubisha, aliuliza tu, “Jiwe la ngapi?” Walipomjibu, akanitazama mimi niliyepewa jiwe hilo, akasema, “Basi nimezeeka,” akatoka. Anajua, mshauri, na hajanitaja. Nilipomweleza dada yangu, akaniambia, “Ukimwaibisha mume wangu mbele za watu, usikanyage kwangu.” Nifanyeje?

Mshonaji wa mlimani

*

Mshonaji, pole. Hiyo ni moja, usitegemee ya pili.

Nianze na shemeji yako. Kazi ya kujitolea haina lawama? Mguu wa mwalimu haukuuliza nani analipwa na nani halipwi, ulivunjika. Na kama lawama haipo, ile aliyombebesha mzee aliitoa wapi? Huyo hatetei kujitolea. Anajitetea mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyewaharakisha.

Wewe nawe umejificha nyuma ya ndoa ya dada yako. Mshono ukienda upande unafumua kabla mteja hajafika, hungojei akupigie kelele. Mzee alikusitiri mbele ya watu, nawe ukajifunika gubigubi kwa sitara yake. Mwenzako anakosa mlima alioupenda, wewe unakosa usingizi tu. Hamko sawa.

Nenda kwake kesho, peke yako. Mwambie, “Babu, lile jiwe ni langu.” Usiongeze “lakini,” wala usitaje mvua. Ukitoka hapo nenda kwa mwalimu, umwambie hivyohivyo, na akikufokea, nyamaza usikilize. Halafu simama kikaoni uyarudie maneno hayo. Mawe mengine uliyolaza wewe yakague yote, kabla mtu hajakukagulia kwa mguu wake. Dada atanuna, tena sana. Mwache anune, nduguyo ni nduguyo, na aliyemwaibisha mumewe si wewe.

Na wewe mwenyekiti, ambaye nina hakika unaisoma safu hii: itisha kikao kilekile, na watu walewale, umwombe mzee radhi kwa kinywa chako. Usimtume mkeo.