Nshakitoa, Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini sijui kuanza na wewe bila ya shikamoo, hata pale ninapokuja na aibu.

Unaikumbuka siku mashine ya kufulia ilipopandishwa kwa Bi Zuwena? Wachukuzi wanne walihema ngazi nzima, nasi tuliokaa chumba cha uani na kumfulia kwa mikono miaka yote ile tukatoka kutazama. Imefunikwa shuka jeupe gubigubi. Ukacheka: "Hebu mtazameni bibi harusi!" Jina likaganda. Mimi nikapewa kazi ya kukaa naye juu, kumtia maji na kuyafungulia yakishachafuka. Wewe ukabaki chini, kusuuza na kuanika.

Maji machafu yalitoka kwa mpira ulioingia kwenye bomba kongwe la udongo lililopita ndani ya ukuta mpaka uchochoroni. Mpira ulikuwa mwembamba kuliko mdomo wa bomba. Kwenye ule mwanya palipanda harufu, na mende.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wanawake wa upande wa mume walikuwa waje kunitazama, na Bi Zuwena alituazima sebule yake, hatua chache kutoka kwenye bomba lile. Niliona nitakufa kwa fedheha. Nikachana kanga yako kuukuu, nikauziba mwanya. Wageni wakanusa udi tu, wakaridhika nami. Kitambaa nikakisahau.

Baada ya hapo bibi harusi akawa hatemi vizuri. Maji yanashuka kwa kusuasua, bomba linakoroma. Ukapanda mwenyewe. Ukaunyosha mpira usije ukawa umejikunja, ukasafisha chujio lililojaa nyuzi za nguo, kisha ukashuka mpaka uchochoroni, ukapiga kelele: "Mfungulie!" Nikafungulia. Kilichotoka kule nje hakikujaza hata kata.

"Ndoo sita zimeingia," ukasema niliposhuka chumbani kwetu. "Maji hayapotei, mwanangu. Yamo humu humu." Ukaweka kiganja ukutani, kikatoka na chokaa mbichi.

"Umetia kitu kwenye mdomo wa bomba?"

"Nlitia kitambaa."

"Kakitoe."

Nikapanda. Kitambaa hakikuwepo, Mama. Maji yalikuwa yameshakisukuma ndani. Nikaingiza vidole mpaka vikakwama, nisiguse kitu. Nikasimama pale na mkono unaonuka, nikiwaza ukuta wa Bi Zuwena utabomolewa kwa ajili yangu, wiki tatu kabla ya harusi yangu. Ukaniita kutoka chini.

"Salma!"

"Abee!"

"Ushakitoa?"

"Nshakitoa, Mama."

Hukuuliza tena. Wewe uliyekunjua nguo iliyokwisha kunjwa ili uikunje upya, neno la mwanao hukulikagua. Ukasema basi ni uchafu wa zamani, ukawa unamimina maji ya moto yenye magadi kila asubuhi. Mimi nikiendelea kufungulia, ndoo juu ya ndoo, na ukuta ukinywa.

Masika yakaingia. Nguo hazikauki uani, ukafunga kamba chumbani, kando ya ukuta ule ule. Asubuhi ukuta ulipoporomoka wewe ulikuwa chini yake ukianika, mimi nilikuwa juu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemfungulia bibi harusi maji.

Walikuoshea mle uani. Walichimba ufuo, kishimo cha kupokea maji, chini ya kitanda, na maji yaliyopita mwilini mwako yakaingia mchangani mara moja, bila ya kusuasua. Sikulia pale. Niliyatazama tu yanavyokwenda.

Tulipokwisha kukuzika Fumba, kwenu, fundi alikuja kuondoa kifusi. Kwenye kiwiko cha bomba akakuta kitambaa, akakikung'uta, akayasoma maneno mawili yaliyobaki: "Mficha maradhi." Kila mtu aliijua kanga hiyo. Ni yako.

"Kumbe marehemu kaziba mwenyewe," akasema jirani. "Kaionea wivu mashine."

Bi Zuwena akalia, akanishika mabega. "Mimi nshamsamehe mama'ko," akaniambia. "Na Mola amsamehe."

Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Ahsante, Bi."

Huu ni mwaka wa saba. Niliolewa, nakaa Ng'ambo, nafua kwa mikono. Watu bado wanaihadithia habari ile, na kila anayeihadithia anakupunguza. Wanasema yule mwanamke alikuwa mchapakazi, lakini ana kijicho. Mwanangu wa kike ana jina lako. Juzi mtoto wa jirani alimwambia kuwa bibi yake alijiua mwenyewe kwa husuda, akaja kuniuliza husuda ni nini. Nikamwambia nenda kacheze.

Ndipo nikaiandika barua hii. Mume wangu kaisoma jana, na tangu jana hajanena nami. Bahasha siitii gundi. Leo alasiri ni hitima yako, Bi Zuwena atakuwepo, na jirani, na fundi. Kabla hawajafungua misahafu nitaisoma mbele yao, wasije wakakuombea tena msamaha wa dhambi yangu. Sijui nitalala kwa nani usiku wa leo. Naogopa, Mama, lakini naogopa zaidi kukutana nawe nikiwa bado sijasema.

Niite tena kutoka chini, kama siku ile.

Abee, Mama. Sikukitoa.

Mwanao,
Salma