Uzi Mwekundu Kwenye Kigari

Lindevej 17,
Svendborg.
23 Aprili, 2015.

Mpendwa Shangazi Gudrun,

Pokea salamu zetu sote wanne, na ya Tilde uihesabu mara mbili maana amesisitiza. U hali gani huko New Zealand, na mzee wako Colin hajambo? Goti lako limepata nafuu, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Usinifiche. Nakujua wewe uliyenilea, hata mguu ukikatika utaandika kwamba umechoka kidogo.

Huku tu wazima. Mafua yametuzungukia kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kisha yakaenda zake. Nanyi huko mnaingia kwenye baridi wakati sisi ndiyo kwanza tunavua makoti.

Kifurushi kilifika salama. Soksi ulizomfumia Bertram zinamtosha, ingawa moja huivua na kuitafuna kila asubuhi. Na lile donge la uzi mwekundu lililobaki, ulilolitia humo ili tuzishone zikitoboka, limepata kazi nyingine. Nitakueleza.

Tilde ametimiza miaka minne na nusu na anatutawala. Shuleni kwa watoto wadogo ameteuliwa kugawa vikombe wakati wa chakula, basi hata nyumbani hatunywi maji mpaka atupe ruhusa. Wiki iliyopita alinishika nikila biskuti kabla ya chakula. Alinitazama tu na kutikisa kichwa. Ni wewe mtupu.

Maren wangu amerudi kufundisha tangu mwanzo wa mwezi, na sasa ni zamu yangu ya likizo ya uzazi. Nitakaa nyumbani na Bertram mpaka Agosti. Na hapa ndipo nije kwenye lile nililokuandikia wakati wa Krismasi, ambalo sikuthubutu kumwambia mtu mwingine.

Unakumbuka alivyozaliwa kabla ya siku zake, akalazwa wiki tano ndani ya kile kisanduku cha kioo. Muuguzi aliniambia nimguse taratibu, kwa kidole kimoja. Basi hata tulipomleta nyumbani niliendelea kumgusa kwa kidole kimoja. Nilimwosha, nilimlisha, nilimbadilisha nepi, lakini kama mtu aliyeazima chombo cha watu na anaogopa kukivunja. Kwa Tilde sikuwa hivyo. Nilikuuliza kama baba anaweza kukosa kumpenda mwanawe, nawe ukanijibu kwa mstari mmoja: acha kujipima, mshike. Nimekuwa nikimshika, Shangazi. Lakini kujipima sikuacha.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumatano ya wiki iliyopita. Cheka kwanza, halafu usome mpaka mwisho.

Maren ana kikundi cha akina mama wenye watoto wa rika moja. Hukutana kila Jumatano nyumbani kwa mmoja wao, na alipoanza kazi nikaenda badala yake. Safari hii ilikuwa kwa Lone, ambaye ana binti aitwaye Vigga na anakaa mwendo wa robo saa kutoka kwetu. Watoto tukawalaza nje katika vigari vyao vya kusukuma, kama ilivyo desturi yetu, vigari vinne ukutani chini ya dirisha la jikoni, sisi tukaingia ndani kunywa kahawa. Nilikuwa mwanamume peke yangu. Mazungumzo yalipofika kwenye nyuzi za kushonwa baada ya kujifungua, nilikichunguza kikombe changu kwa makini sana.

Saa nane u nusu nikaaga, kwa kuwa Tilde huchukuliwa saa tisa. Mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza, na Lone alikwisha toka kuvifunika vigari vyote kwa turubai zake. Vyote ni vya buluu, vya aina moja, na kila kimoja kina mkoba mweusi kwenye mshikio. Nikanyata, nikafungua breki, nikaondoka. Njia nzima nilijisifu kwa jinsi nilivyomchukua bila kumwamsha. Hata wimbo nilimwimbia.

Nikampitia Tilde, tukafika nyumbani, nikakiegesha kigari chini ya dirisha letu na kumpakia Tilde siagi kwenye mkate wake mweusi. Mara mtoto akalia nje. Tilde akaacha kutafuna.

“Baba, nani huyo?”

“Ndugu yako ameamka.”

“Siye.”

“Tilde, kula mkate wako.”

“Siye, baba. Bertram akilia ana hasira. Huyu anaomba.”

Nikatoka ili nimwonyeshe kuwa amekosea. Nikafunua turubai, na kichwa chenye nywele nyekundu kikanigeukia, kina meno mawili, kimenikazia macho. Alikuwa Vigga wa Lone.

Shangazi, sikucheka. Na la kunitisha zaidi halikuwa kwamba nimeondoka na mtoto wa watu. Ni kwamba nilikuwa nimemsukuma kilomita nzima, nimemwimbia, na ndani yangu hapakuwa na kitu chochote kilichoniambia kuwa siye. Tilde wa miaka minne amejua akiwa mezani, kupitia dirisha, mdomo umejaa mkate. Nikajiambia, basi, nilichokuwa nakihofia ni kweli.

Simu yangu ilikuwa kwenye mkoba wa kigari chetu, kwa Lone. Ikabidi kukimbia. Nikampandisha Tilde mbele ya kigari, akamshikilia Vigga kwa mikono miwili na kuniamrisha huku akimtuliza mtoto.

“Usijali, tunakupeleka kwa mama yako. Baba yangu amechanganyikiwa tu. Baba, kimbia vizuri basi, unatutikisa.”

Tulipofika kwenye ua wa majani wa Lone, kabla sijaliona lango, nikasikia vilio. Watoto wawili walikuwa wanalia kwa pamoja. Na hapo, Shangazi, nikajua. Kimoja kilikuwa kilio cha mtoto tu. Kingine kilikuwa kikavu, kinakwaruza, kinapanda halafu kinakatika ghafla kusikiliza kama kuna anayekuja, kisha kinaanza upya kwa ukali zaidi. Nilikijua kila kipande chake. Nimekisikia kwa miezi minane, jikoni, bafuni, kwenye gari, nikidhani nasikia kelele.

Nikakiacha kigari cha Vigga langoni mikononi mwa Tilde, nikavipita viwili bila hata kuvitazama, nikafika cha mwisho na kufunua. Alikuwa Bertram, ngumi juu, soksi moja mguuni na nyingine mdomoni. Nikamtoa kwa mikono yote miwili na kumbana kifuani. Akachomeka uso shingoni mwangu, akanyamaza. Mimi ndiye niliyelia. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nilikuwa nimekaa miezi minane nikingoja mtu aje aniambie kama ninao.

Lone akatokea mlangoni, kikombe mkononi. Akanitazama mimi, akamtazama Tilde langoni na kigari cha binti yake.

“Eskild. Ulikuwa umempeleka wapi binti yangu?”

“Kwangu.”

“Amekula?”

“Bado.”

“Siku nyingine uniambie mapema, nikupe na nguo za kufua.”

Alisema hivyo huku anatabasamu, lakini alipomnyanyua Vigga alimkagua kuanzia utosini mpaka miguuni, nikamwomba radhi kwa dhati. Akaniambia nirudi Jumatano ijayo, ila nije na keki.

Njiani nilifikiria kumficha Maren. Tilde hakunipa nafasi. Mama yake hajavua hata viatu, akatangaza: “Mama, baba alileta mtoto mwingine, lakini tumemrudisha, alikuwa na meno mengi.” Maren aliketi kwenye ngazi akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Ndipo nikamweleza yote, hata ya kidole kimoja. Akasema alikuwa ameliona tangu zamani, na kwamba naye wiki zile za hospitali alikuwa akimwita Bertram kwa jina kimyakimya tu, asije akamzoea. Miezi minane tumelala kitanda kimoja, kila mtu na lake.

Kesho yake asubuhi akachukua uzi wako mwekundu, akausuka mara tatu, akaufunga kwenye mshikio wa kigari ili hata baba asiye na macho asipotee. Majirani wote wamekwisha kuuona na wote wanaijua sababu. Mwenye duka la mikate huniuliza kila siku kama leo nimekuja na wangu.

Jana nilirudi kwa Lone, na keki. Vigari vinne ukutani, mvua, turubai, kama Jumatano ile. Nilikuwa nimeufungua uzi kabla ya kutoka nyumbani na kuutia mfukoni, bila kumwambia mtu. Saa nane u nusu nikasimama pale nje nikingoja. Sikugusa kigari chochote. Baada ya muda, mtoto mmoja akakohoa mara moja tu usingizini, kikohozi kidogo, nikaenda moja kwa moja kwenye kigari chetu na kufungua breki.

Uzi nimeutia humu kwenye bahasha. Ni wako, urudishe kwenye kikapu chako cha kufumia.

Msalimie sana mzee Colin, na shoga yako Heather uliyetuandikia habari zake. Maren anakubusu. Tilde amechora picha iliyo nyuma ya karatasi hii, mkubwa kuliko wote ni yeye. Mungu akulinde, akupe goti jipya, na akulete kwetu ungali na nguvu za kunikaripia.

Ni mimi mwanao nikupendaye daima,

Eskild,
baba yao Tilde na Bertram.