Wati Mbili

Tarehe 4 Machi. Miaka sita na miezi miwili tangu niondoke.

Dada, shikamoo. Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika. Natumai wewe na mama hamjambo, na duka la redio linakwenda. Barua hii anaileta dereva wa lori la mchanga, maana simu zetu msimamizi anazifungia kabatini.

Tumehamishwa kazi. Tunapiga plasta kibanda kilicho chini ya mnara wa redio wa polisi. Ndiyo, polisi. Sisi tisa tusio na vibali tunawapendezeshea ukuta watu wanaotutafuta. Askofu, anayelala kitanda cha juu yangu na anayeitwa hivyo kwa sababu hajui kunyamaza, anasema hapa ndipo mahali pa mwisho watakapokuja kutuangalia. Msimamizi ameahidi kibanda kikiisha atanirudisha mpakani kwa lori.

Sasa nina swali. Ile redio ya mawimbi mengi uliyonipa, nikisogeza sindano mpaka mwisho nawasikia polisi. Sehemu tatu wanaongea kutwa. Sehemu ya nne iko kimya, halafu ghafla mtu anasema, "Nimeshuka," utadhani kakaa begani kwangu. Kisha kimya tena. Mwezi uliopita niliisikia, na kabla chai haijapoa wakawa wamekamata watu wanne jengo la jirani. Tangu hapo ikisema tu tunatupa miiko na kukimbia, na mara nyingi haji mtu. Ndani ya kibanda kuna karatasi ya leseni ya masafa, imewekwa nyuma ya kioo. Nimenakili nilivyoweza kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Wewe ndiye uliyeshika ufundi wa baba, mimi nilikimbia shule. Niambie hiyo ya nne ni ya nini.

Mdogo wako.

*

Tarehe 29 Machi.

Mdogo wangu, marahaba. Sisi wazima. Pole na mgongo. Mwandiko wako bado unataka miwani na subira, lakini nimeusoma.

Karatasi yako inasema masafa matatu ya kwanza ni wati mia kila moja, kituo cha mnarani. Ya nne ni wati mbili, kituo kinachohama. Mwenye leseni ni yule yule. Umeruka sifuri? Wati mbili hazivuki mitaa mitatu. Nani anakwenda ofisini kuomba leseni ya sauti isiyofika popote? Nilidhani labda ni ya mafundi wao kufanyia majaribio, lakini mafundi hawasemi "Nimeshuka."

Usikisie. Ikisema, kabla hujakimbia tazama barabarani, kisha andika: gari liko wapi, askari yuko wapi. Halafu peleka sindano haraka kwenye masafa ya kwanza, usikilize. Wiki mbili. Baba angekuwepo angekuambia hivyo hivyo, na kofi juu yake.

Mama anakuulizia kila redio inapowashwa dukani. Mtu akiongea tu, anasema, "Huyo si mwanangu?" Nikimwambia ni mtangazaji, anasema, "Kakonda sauti."

Dada yako.

*

Tarehe 2 Mei. Miaka sita na karibu miezi minne.

Dada, shikamoo. Mimi mzima. Sijaruka sifuri. Nilirudi kuangalia, nikajifanya napangusa kioo.

Nimeandika siku kumi na nne. Jumatatu ya kwanza ilisema, na gari la polisi lilikuwa limeegeshwa ng'ambo kwa mziba pancha, askari yuko nje anabishana naye. Jumanne gari lilipita bila kusimama, redio kimya. Alhamisi ilisema nami sikuona gari. Baadaye Askofu akaliona nyuma ya ghala la mbao. Sikupata hata siku moja iliposema bila gari kuwa karibu. Wala haikusema askari akiwa amekaa garini. Na nikipeleka sindano kwenye ya kwanza, nakuta mtu yule yule anamalizia maneno yale yale. Mtu mmoja, sehemu mbili, wakati mmoja. Hapo kichwa changu kimegota.

Msimamizi alinikuta na karatasi. "Unaandika wosia?" Nikamwambia ukweli. Nilitegemea matusi. Akakaa juu ya ndoo, akasema, "Nisomee tena."

Msalimie mama.

Mdogo wako.

*

Tarehe 30 Mei.

Mdogo wangu, marahaba. Umeshajijibu, ila hujui kama umejibu.

Redio ndogo ya kiunoni haina nguvu ya kufika mnarani. Kwa hiyo askari akishuka anaongea na gari lake kwa wati mbili, na gari linayarudia maneno yake kwa nguvu hadi mnarani, wilaya nzima isikie. Ndiyo kazi ya masafa hayo. Yameombewa leseni ili yafike garini, basi. Ukiyasikia, jua gari liko mtaani kwenu na askari yuko kwa miguu. Siku ambazo hakuja kwenu, alikuwa anakwenda kwa mwingine.

Sikulala vizuri kabla ya kukuandikia haya. Mimi natengeneza redio, sitoroshi watu. Lakini nimeandika.

Kibanda kinaisha lini? Mama siku hizi haulizi. Redio inaongea, yeye anaendelea kukunja nguo. Sikuambii ili ulie. Nakuambia kwa sababu ndivyo ilivyo.

Dada yako.

*

Tarehe 8 Agosti.

Mdogo wangu, hujambo? Dereva wa mchanga amepita mara mbili mikono mitupu. Nijibu hata mstari mmoja.

Dada yako.

*

Tarehe 11 Septemba. Miaka sita na miezi minane.

Dada, shikamoo. Mimi mzima. Nisamehe kwa kimya.

Ulivyoeleza ndivyo ilivyo. Tangu barua yako hajakamatwa mtu. Ikisema "Nimeshuka," nilikuwa nagonga bomba mara tatu, wenzangu wanatokea nyuma, wanangoja, wanarudi, plasta imegandia kwenye karai. Mwanzoni walinipigia makofi. Baadaye ikawa kama kengele ya shule. Msimamizi akanitoa kwenye mwiko akaniweka juu ya jukwaa na redio, kazi yangu sikio tu.

Kibanda kiliisha Juni. Nikamkumbusha lori. Akasema, "Uende wapi? Nani atasikiliza?" Nikasema Askofu yupo. "Askofu anaongea, hasikilizi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Tukahamia jengo jingine, nikapanda jukwaa jingine. Julai ikapita hivyo, na Agosti.

Juzi Jumatatu, saa nne asubuhi, ikasema. Nikagonga bomba mara tatu. Askofu alipopita nikamshushia redio mkononi, nikamwonyesha mkwaruzo nilioutia pa kusimamisha sindano. "Teremka basi, twende," akasema. Nikamwambia atangulie. Wote wanane wakaisha kutoka. Nikateremka, nikaosha mwiko, nikakaa juu ya ndoo. Sikuogopa. Sikufurahi pia.

Alikuja askari mmoja, viatu vipya. "Wewe mbona hukimbii?"

"Nimechoka, afande."

"Wenzako?"

"Siwaoni."

Ilikuwa kweli. Akaishika redio ya kiunoni. "Ninaye mmoja. Amekaa tu." Nilijua maneno hayo yanapita wapi: garini, mnarani, wilaya nzima. Na kwa Askofu, popote alipojificha. Gari lilikuwa ng'ambo ya barabara, kama ulivyosema.

Niko mahabusu. Wamenipa kalamu. Ukuta wa chumba hiki umepigwa plasta vibaya, nautazama kutwa.

Usijilaumu. Usimwambie mama kitu. Nataka nikiongea mlangoni nisikie kama atauliza.

Tunapandishwa basi la kurudishwa makwetu Jumanne. Nitafika stendi ya kwetu Alhamisi, tarehe 19, mchana.

Mdogo wako.